NEF kwenda BMP kwa leza ya kuchonga graniti: programu inakataa faili

mawe_na_leza

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua mafaili ya picha.

Kuna leza ya CO2 inayochonga sura za marehemu kwenye graniti nyeusi. Programu inayoiendesha imekaa kwenye kompyuta ya Windows XP na inapokea BMP na PCX tu, JPEG haitaki hata kuiona. Picha zinatoka kwenye Nikon D3100 zikiwa RAW (data ghafi ya kamera), ambayo kwa Nikon ni faili la NEF. Sura inachongwa mm 100 kwa mm 150, na leza inapita mstari mmoja kila mm 0.1.

Yaliyojaribiwa mpaka sasa:

Kubadili jina kutoka .NEF kwenda .BMP: inakataa. Kubadili kwenda .TIF na kufungua kwa programu nyingine ya zamani: inafunguka, ila picha ni ndogo kama stempu. Kugeuza kwa tovuti ya bure: BMP inapatikana, inafunguka vizuri kwenye kompyuta mpya, lakini ya leza inasema faili halitambuliki. Mwisho, BMP iliyohifadhiwa kwa Paint ilikubalika, ila ilipanuka ikawa zaidi ya mm 260 kwa upana, na uso ulitoka doa moja jeusi.

Tatizo ni faili, ni picha, au ni mashine?

---

baiti_kwa_baiti

Mkuu, una matatizo matatu tofauti yaliyopangana. Mashine haina kosa.

Kwanza hiyo stempu. NEF imejengwa juu ya muundo wa TIFF, ndiyo maana programu ya TIFF haikuikataa. Ilisoma ukurasa wa kwanza ndani ya faili, na kwenye NEF ukurasa huo ni kijipicha cha pikseli 160 kwa 120. Data halisi ya kamera imewekwa ndani zaidi, tena siyo picha bado: kila pikseli ina namba ya rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, kwa biti 12. Lazima kitu kikokotoe rangi mbili zilizobaki. Kubadili jina hakukokotoi chochote.

Pili, BMP ya tovuti. Jina ni BMP lakini vichwa, yaani maelezo ya mwanzo wa faili, viko vya aina kadhaa. Programu za enzi za Windows 3 hadi XP zinategemea kichwa cha baiti 40. Vigeuzi vya sasa mara nyingi huandika kichwa cha baiti 108 au 124, na wakati mwingine pikseli za biti 32 zenye tabaka la uwazi. Programu ya leza ikikuta 124 mahali ilipotarajia 40, inaacha. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua faili kwa kisomaji chochote cha heksa (kinachoonyesha baiti moja moja) uangalie baiti ya 14, ukianza kuhesabu kwenye 0:

`28 00 00 00` ni 40, ndiyo unayoitaka.
`6C 00 00 00` ni 108.
`7C 00 00 00` ni 124.

Kisha baiti ya 28: `18 00` ni biti 24, `20 00` ni biti 32, `01 00` ni biti 1. Baiti ya 30 ni ukandamizaji, iwe sufuri nne.

Tatu, ukubwa. BMP haina milimita, ina pikseli kwa mita, kwenye baiti ya 38 na ya 42. Programu nyingi zikikuta 0 pale, au 3780 ambayo ni sawa na 96 kwa inchi, zinachora kwa 96. Pikseli 1000 kwa 96 ni mm 264.6. Hiyo ndiyo "zaidi ya 260" yako. Unataka mstari kila mm 0.1, maana yake pikseli 10 kwa milimita, yaani 10000 kwa mita, ambayo kwa inchi ni 254 kamili. Namba nzuri, haina desimali ya kukusumbua.

Fanya ugeuzaji kwenye kompyuta mpya, siyo kwenye XP. Unahitaji dcraw, inayofungua RAW, na ImageMagick 7, inayogeuza picha kwa amri. Amri ya kwanza inatoa picha kwenye NEF:

`dcraw -c -w -W -o 1 -q 3 DSC_0412.NEF > S0412.ppm`

`-w` inachukua mizani ya weupe ya kamera. `-W` inaizuia dcraw isijiongezee mwanga. Usiiache hiyo: bila yake dcraw hung'arisha kila picha kivyake mpaka asilimia 1 ya pikseli zigonge weupe, na picha kumi za mwanga mmoja zinatoka na mwanga wa aina kumi. `-o 1` ni rangi za sRGB, kwa sababu BMP ya baiti 40 haina pa kuweka wasifu wa rangi. `-q 3` ndiyo ukokotoaji safi kuliko yote minne iliyomo. Usiweke `-4`, itakupa biti 16 za mstari mnyoofu na picha itaonekana giza kama imepigwa usiku.

Amri ya pili inatengeneza BMP:

`magick S0412.ppm -colorspace Gray -resize "1000x1500^" -gravity center -extent 1000x1500 -unsharp 0x1+1.2+0.02 -negate -dither FloydSteinberg -remap pattern:gray50 -type Bilevel -units PixelsPerInch -density 254 BMP3:S0412.BMP`

Hiyo `BMP3:` ndiyo inayolazimisha kichwa cha baiti 40. Bila hiyo ImageMagick inaandika cha kisasa na unarudi palepale. Alama za nukuu kwenye `"1000x1500^"` ziwepo, la sivyo Windows inaimeza ile `^`. Usishangae pia dcraw ikitoa picha pana kidogo kuliko JPEG ya kamera: inazibakiza pikseli za pembeni ambazo kamera huzikata. Kazi ya `-extent` ni hiyo.

Mpangilio wa hatua usiuguse. Punguza ukubwa, noa, geuza (nyeusi iwe nyeupe), halafu ndiyo utawanye nukta, yaani kijivu kiwe nukta nyeusi na nyeupe tu. Ukipunguza ukubwa baada ya kutawanya, nukta zinachanganyika, zinazaa michirizi ya miraba usoni, na hakuna dawa zaidi ya kuanza upya.

Na tumia dirisha la kawaida la cmd. PowerShell ya zamani, 5.1, inachukua kila kinachopita kwenye `>` na kukiandika kama maandishi ya baiti mbilimbili. PPM, ile picha inayotoka dcraw, inaharibika, na ImageMagick inalalamika `improper image header`. Watu wengi wamepoteza siku wakiilaumu kamera.

---

kivuli_na_nuru

Mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa faili, mimi niongezee upande wa sura, maana BMP safi kabisa bado inaweza kukupa doa jeusi.

Graniti nyeusi inafanya kinyume cha mbao. Leza ikigonga mbao, pale panakuwa peusi. Ikigonga graniti nyeusi iliyong'arishwa, pale panachanika na kuwa peupe au kijivu. Programu kwa kawaida inachoma pikseli nyeusi. Kwa hiyo kwa jiwe picha lazima igeuzwe kabla, ndiyo ile `-negate`. Lakini chunguza kama programu yako ina alama ya kugeuza imeshawekwa. Ukigeuza kwenye amri na programu nayo ikageuza, umerudi ulikoanza.

Sasa ngozi zetu. Uso mweusi uliopigwa kivulini una thamani za chini, tuseme 30 hadi 70 kati ya 255. Ukitawanya nukta hivyohivyo, sehemu kubwa ya uso haiguswi na leza, yaani inabaki jiwe tupu. Macho na meno tu ndiyo yanatokea. Familia haiwezi kupokea kitu hicho. Lazima uinue uso kabla ya kutawanya, na uuinue kutoka kwenye RAW yenyewe, kwa sababu huko kivuli bado kina ngazi nyingi za mwanga.

Njia ya haraka ni kuchukua mkondo wa nyekundu (thamani za nyekundu za kila pikseli) peke yake badala ya kijivu cha kawaida. Ngozi ya kahawia ina nyekundu nyingi, kwa hiyo kwenye mkondo huo uso unakuwa mwangavu na laini. Mkondo wa bluu ndiyo wenye giza na chengachenga. Badala ya `-colorspace Gray` weka:

`-channel R -separate +channel -gamma 1.4`

Hasara yake ni kwamba midomo inapauka na vazi jekundu linakuwa karibu jeupe. Kwa mama aliyevaa kitambaa chekundu itabidi uchanganye: nusu mkondo wa nyekundu, nusu kijivu cha kawaida.

Njia ya uhakika zaidi ni RawTherapee, programu ya kuhariri RAW, kwenye kompyuta mpya. Fungua NEF, inua vivuli mpaka shavu la upande wa giza liwe na umbo, punguza chengachenga kidogo, usiguse vingine. Hifadhi mipangilio hiyo kama faili la pp3, kisha endesha folda nzima:

`rawtherapee-cli -o D:\tiff -p sura.pp3 -t -b16 -Y -c D:\nef`

`-c` iwe ya mwisho siku zote, kila kinachoifuata kinasomwa kama jina la faili. Halafu TIFF hizo zipeleke kwenye amri ile ya pili ya magick.

Kuhusu `-gamma` (kiasi cha kung'arisha picha) ngapi, hakuna anayeweza kukuambia kutoka mbali, kwa sababu nukta ya leza ni pana kuliko pikseli na inamega jirani zake. Kwenye jiwe kila nukta nyeupe inavimba, kwa hiyo picha yote inatoka nyeupe zaidi ya ulivyoiona kwenye kioo. Tengeneza ngazi:

`magick -size 1x11 gradient:white-black -rotate 90 -scale 1100x100! -negate -dither FloydSteinberg -remap pattern:gray50 -type Bilevel -units PixelsPerInch -density 254 BMP3:NGAZI.BMP`

Hizo ni ngazi 11 za sentimita moja moja. Zichonge kwenye kipande kilichovunjika cha jiwe lilelile, nguvu na kasi zilezile za kazi. Osha vumbi, kausha, angalia. Kama ngazi tatu za upande mweupe zimeungana kuwa moja, ama nguvu imezidi ama lenzi haiko kwenye umbali wake. Anza na lenzi. Ukishaona ngazi zote, au angalau 9, ndipo utafute gamma.

Kitu cha mwisho: picha nyingi za kaburi siyo za mtu mwenyewe, ni picha ya zamani iliyopigwa tena juu ya meza. Kamera ikielekezwa chini, kihisi chake hakijui upande upi ni juu na kinaandika chochote. dcraw inatii na kugeuza picha. Ukiona sura zimelala ovyo ongeza `-t 0` ili isizungushe kitu, kisha zungusha mwenyewe.

---

njia_fupi

Naona tunamzungusha mwenzetu. Kazi ni pikseli 1000 kwa 1500, nyeusi na nyeupe tu. RAW ya nini? Nikon nyingi huweka JPEG ya ukubwa kamili ndani ya NEF yenyewe. Angalia:

`dcraw -i -v DSC_0412.NEF`

Soma mstari wa `Thumb size`. Kama ni maelfu na siyo mamia, itoe:

`dcraw -e DSC_0412.NEF`

Utapata `DSC_0412.thumb.jpg` ndani ya sekunde, yenye rangi za kamera. Ipeleke moja kwa moja kwenye magick. Kwa picha ya studio yenye taa mbili hutaona tofauti yoyote kwenye jiwe.

Na kwa folda nzima, faili la .bat:

`for %%f in (*.NEF) do dcraw -e "%%f"`

Ndani ya .bat ni asilimia mbili, ukiandika kwenye dirisha ni moja. Hilo linahusu pia amri za magick zenye asilimia: `-level 2%,98%` ndani ya .bat iandikwe `2%%,98%%`, vinginevyo inaliwa kimyakimya.

Halafu kaa mbali na `mogrify` kama hujaizoea. Inaandika juu ya faili la asili. Na wenye ImageMagick 6 kwenye Windows: ukiandika `convert` unaweza kuita ile ya Windows ya kubadili diski kwenda NTFS. Ndiyo maana toleo la 7 linatumia `magick`.

---

kivuli_na_nuru

Kwa picha ya studio nakubaliana nawe kabisa, JPEG ya ndani inatosha na dakika zinaokolewa. Ila swali lake lilikuwa na "doa moja jeusi". JPEG ina ngazi 256 na kamera imeshaamua kivuli kife kiasi gani. Ukiinua uso uliokuwa kwenye 20 au 30, unainua pamoja na vile vijiraba vya ukandamizaji vya 8 kwa 8, na utawanyaji wa nukta unavichora kama vigae kwenye shavu. Mwenye kazi aangalie kwanza: uso una mwanga, atumie `-e`, uso kivulini au dirisha nyuma ya mtu, afungue RAW.

Tena asidhani njia hii itafaa kwa kila kamera atakayoletewa. dcraw ilikoma toleo 9.28 mwaka 2018. CR3, yaani RAW mpya za Canon, haizifungui, wala NEF za ukandamizaji mpya wa Nikon Z 9. Kwa CR3, programu zinazotumia LibRaw (maktaba ya kusoma RAW) 0.20 na kuendelea zinafungua. Hizo nyingine apitishe kwanza kwenye kigeuzi cha DNG cha Adobe.

---

mawe_na_leza

Shukrani sana wakuu. Majibu: faili la tovuti lilikuwa na `7C` kwenye baiti ya 14, kama mlivyosema. Ya `BMP3:` imekubalika na ukubwa unasoma mm 100 kwa 150. Ngazi zimetoka vizuri, 10 zinaonekana baada ya kushusha lenzi.

Ila picha ya sura ikifunguliwa kwenye programu ya leza ni mistari ya mshazari tupu, hakuna uso. NGAZI.BMP nayo kwenye kioo ilikuwa imepinda kidogo, ilionekana kama imesukumwa. Faili hilohilo kwenye Paint ya XP liko sawa. Baiti 62 za mwanzo za sura ni hizi:

`42 4D 3E EE 02 00 00 00 00 00 3E 00 00 00 28 00`
`00 00 E8 03 00 00 DC 05 00 00 01 00 01 00 00 00`
`00 00 00 EE 02 00 10 27 00 00 10 27 00 00 02 00`
`00 00 02 00 00 00 00 00 00 00 FF FF FF 00`

---

baiti_kwa_baiti

Umefanya vizuri kuziweka, zinasema kila kitu. Tuzisome: `3E EE 02 00` ni baiti 192062, ukubwa wa faili. `3E` ya pili inasema picha inaanza baiti ya 62. `28` kichwa cha 40. `E8 03` ni 1000, `DC 05` ni 1500. `01 00 01 00` ni tabaka 1, biti 1. `10 27` ni 10000 kwa mita. Mwisho paleti, orodha ya rangi: nyeusi kwanza, nyeupe pili. Hiyo ni muhimu kwako, kwa sababu programu nyingine hazisomi paleti na huchukulia kuwa sufuri ni nyeusi. Zingekuwa zimepinduana, picha ingegeuka bila wewe kugeuza. Faili ni halali.

Kosa ni la programu ya leza. Kila mstari wa BMP lazima uishie kwenye baiti inayogawanyika kwa 4. Pikseli 1000 kwa biti 1 ni baiti 125, kwa hiyo faili linaongeza 3 tupu, zinakuwa 128. 128 mara 1500 ni 192000, na 62 za kichwa, jumla ni ile 192062. Programu yako inaelekea inasoma 125 na kuendelea, haiziruki zile 3. Kila mstari unasogea pikseli 24 kutoka ule wa juu yake, na kwa mistari 1500 picha imezunguka mara 36. Ndiyo hiyo mishazari. NGAZI ina mistari 100 tu, tena 1100 ni baiti 138 zinazojazwa hadi 140, kwa hiyo inasogea pikseli 16 kwa mstari. Picha yenyewe ni mabamba mapana yasiyo na sura, ndiyo maana ulidhani imepinda kidogo tu.

Huwezi kuirekebisha programu, ila unaweza kuinyima nafasi ya kukosea. Chagua upana unaogawanyika kwa 32, baiti za kujazia zitakuwa sufuri. Ulio karibu na wako ni 992, ambao ni baiti 124 kamili. Urefu 1488 ili uwiano ubaki. Badili namba hizo mahali pote pawili kwenye amri, `-resize` na `-extent`, density ibaki 254. Jiwe litakuwa na mm 99.2 kwa 148.8. Faili liwe baiti 184574 kamili. Likizidi au kupungua hata moja, usilipeleke kwenye mashine. NGAZI nayo ichonge upya kwa `-scale 1056x100!`, ngazi zitakuwa za mm 9.6, ndipo uamini gamma yako.

Flashi ya kubebea iwe FAT32, siyo exFAT, maana XP isiyo na nyongeza yake haiisomi. Majina yasizidi herufi nane kabla ya nukta BMP, bila nafasi.

---

mawe_na_leza

992 kwa 1488 imefunguka, uso mzima, haujageuka. Faili ni 184574. NGAZI mpya inachongwa sasa hivi.